Simu Iliyozimwa Ijumaa Jioni

Jumapili, Kisii mjini. Mvua imeanza adhuhuri na bado inanyesha, lakini leo sina ugomvi nayo.

Shajara, nilikuwa nimeharibu. Acha niseme ilivyokuwa.

Nawafundisha akina mama kumi na mmoja wa kule mji wa Tabaka Kiingereza cha biashara kwa simu. Wao husugua na kung'arisha vinyago vya mawe. Jioni hunitumia sauti zao, nami nawarudishia masahihisho. Mwaka mzima tumejiandaa kwa jambo moja: kumuuzia mtu wa ng'ambo bila dalali. Mwezi huu akapatikana, mama mwenye duka la zawadi huko Ayalandi. Alitaka kwanza kuzungumza na msemaji wao kwa video. Mimi, kwa pupa yangu, nikampangia Jumamosi saa tisa.

Jumamosi! Na msemaji ni Mama Kemunto, Msabato ambaye chakula cha Jumamosi hukipika Ijumaa. Mimi mzaliwa wa hapa, ambaye nusu ya wateja wa duka letu ni Wasabato! Sisi Waislamu Ijumaa tukitoka msikitini tunafungua duka tena, nikasahau kwamba si kila mtu ana ruhusa hiyo.

Nilipompigia Ijumaa mchana hakupandisha sauti.

"Mwalimu, hiyo siku si yangu, ni ya Mungu. Jua ikizama nazima simu. Wewe wacha, nitamwambia mwenyewe."

Kabla ya magharibi akamtumia yule mama wa Ayalandi ujumbe wa sauti, kwenye kikundi chetu cha watatu. Niliusikiliza nimeshika kichwa. Huwa nawafundisha salamu moja, kisha neno lako. Yeye, kwa Kiingereza chake cha polepole, aliuliza kama huko kumenyesha, kama watoto wameamka salama, kama mama yake mzazi bado yuko. Akaeleza kuwa upepo umemwangushia migomba. Ndipo akasema kesho ni siku yake ya ibada, wazungumze Jumatatu. Hakuomba hata msamaha. Kisha akazima simu.

Jana nilikuwa mtu wa kuhurumiwa. Yule mama alikuwa ameusikiliza ujumbe, na kimya. Niliwaona akilini wote kumi na mmoja wakirudi kwa dalali kwa sababu yangu. Nakiri, nilimkasirikia hata Mama Kemunto.

Leo asubuhi jibu limekuja.

Dakika nne! Tatu za kwanza ni salamu. Kwao kunanyesha pia. Mama yake yuko, ila miguu inamsumbua. Anampa Mama Kemunto pole ya migomba. Jumatatu ni sawa, na wale viboko wadogo wa mawe aliowaona kwenye picha waanze kuchongwa, amewapenda.

Nililia kidogo, kisha nikampigia Mama Kemunto.

"Bwakire, mwalimu," akanisalimu, kama kawaida yake ya asubuhi. "Mimi nilijua atajibu. Wewe ulilala?"

Nikamdanganya kwamba nililala.

Lile somo langu la salamu moja nimelifuta. Wiki hii Mama Kemunto atafundisha salamu, nami nitakaa na daftari kama wenzangu.

Ila kuna jambo linanichoma. Habari za miguu ya mama mzazi wa mteja wa Ayalandi nimezijua leo. Miguu ya mama yangu mwenyewe, aliyesimama dukani hapo chini tangu asubuhi, niliiulizia lini?

Nashuka.