Likizo ya Muema

Loitokitok,
3 Agosti 2025

Mwanangu Muema,

Hujambo huko Kitengela, na kile kifua kimepona? Sisi ni wazima, ila magoti yangu na baridi ya huku havisikizani. Nimekuandikia kwa sababu nikipiga simu unasema oda ya abiria imeingia, kisha unakata.

Mwenzako Ndeti ameniambia mmepewa likizo pale kwenye shamba la maua. Vitunguu vimekomaa, na mimi na dada yako Kavata hatutaviweza peke yetu. Njoo utusaidie. Nina hamu sana ya kukuona.

Mama yako

Kitengela,
20 Agosti 2025

Mama mpendwa,

Habari ya hapo nyumbani? Natumai magoti yamepata nafuu. Kifua kimepona, nashukuru Mungu.

Likizo niko nayo, lakini nabeba abiria na pikipiki ya app kutoka asubuhi. Mama, hii kazi imenifungua macho. Zamani Obonyo, msimamizi wetu wa shamba la maua kule Isinya, akisema, "Baki upakie lori," nilibaki bure mpaka giza. Sasa namwuliza, "Ni ya muda gani, na inalipa?" Akinyamaza, navua gambuti naenda zangu. Wenzangu pia wameanza. Obonyo hapigi kelele tena, anajua niko na mahali pengine pa kula.

Kuhusu vitunguu, vitachukua siku ngapi? Ukiniambia nitaona kama naweza kupanga.

Mwanao,
Muema

Loitokitok,
28 Septemba 2025

Mwanangu,

Habari za siku nyingi? Nimefurahi kifua kimepona. Magoti ni yale yale.

Umefanya vizuri kumwuliza Obonyo. Marehemu baba yako alipakia malori ya watu maisha yake yote bila kuuliza, na nilikuwa nikimgombeza. Kwa hivyo sikukasirika uliponiuliza na mimi. Nilianza tu barua nikaichana, nikaanza tena, mpaka likizo yako ikaisha.

Wacha nikuambie ukweli. Vitunguu tulivuna Julai, tukisaidiwa na vijana wa jirani yetu Saning'o, na vyote vikauzwa. Niliona siku hizi huji nyumbani kama hakuna kazi, basi nikakutafutia kazi.

Pikipiki ikizima hapo nje mimi husimama, halafu naketi tena. Nilitaka tukae jikoni tunywe chai, nikuangalie ukila, uniambie mambo yako. Sijui hiyo huchukua siku ngapi.

Mama yako