Shimo la Mchangani

Mutua mjukuu wangu,

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu, hata babu yako: wakati wa ukame ule nilikata tamaa. Nakuambia kwa sababu tangu upoteze kazi huko Syokimau unaniuliza tuliwezaje kuvumilia.

Hapa Masinga tu wazima. Babu yako anakohoa kidogo, na mbuzi mweusi amezaa mapacha.

Nilikuwa msichana wa shule, mwenye haya, kila mahali na kitabu. Mto ulikuwa umekauka. Tulichimba shimo mchangani, tukangoja maji yajikusanye, na kila siku shimo lilihitaji kuchimbwa zaidi. Asubuhi moja niliona hakuna maana tena. Nilikaa pale nikasoma, kisha nikarudi nyumbani na mtungi mtupu. Nikamwambia mama maji yameisha.

"Yameisha kabisa?"

"Kabisa, mwaitu."

Alichukua jembe, tukarudi pamoja. Alichimba kidogo tu, mchanga ukalowa. Akatazama mahali nilipokuwa nimekaa. Nilingoja anigombeze.

"Hicho kitabu umefika wapi?" akauliza. "Haya, nisomee. Haya maji hayana haraka, na mimi nimechoka kuyaangalia peke yangu."

Nilisoma hadi mtungi ukajaa. Mvua haikunyesha wiki hiyo, wala iliyofuata.

Lakini kesho ya siku ile niliamka mapema, nikachukua jembe, mtungi na kitabu, nikamwita mama twende.

Ni mimi, susu yako.