Wamekaangia Mafuta Gani?

Palermo, 4 Septemba 2024

Wazazi wangu,

Shikamooni. Natumai huko bondeni Turffontein mmeamka salama na baridi imeanza kulegea. Mimi mzima, ila magoti. Bi Ninfa, huyu bibi ninayemtunza, anakaa ghorofa ya nne, na lifti yao ni pambo tu, haijatembea tangu nije.

Mama, msomee Baba polepole. Baba, kabla hawajakupasua koo ulisema kwamba kama hutaweza tena kumeza, basi mimi niule mji huu kwa niaba yako nikuletee habari. Nimeanza. Jumapili nilikwenda soko la Ballarò, nikamkuta jamaa anakaanga kitu wanachokiita panelle. Ni unga wa dengu. Wanausonga sufuriani kama ugali mpaka ushikane, wanautandaza, ukipoa wanaukata vipande vyembamba, wanakaanga, halafu wanavisindilia ndani ya mkate wa ufuta na kukamulia limau. Nikajisemea, hii si bajia yetu hii, imeingizwa kwenye mkate? Nilikula nimesimama, limau linanichuruzika mpaka kwenye kiwiko.

Na wewe Mama, jina lako linauzwa. Kuna zabibu huku wanaziita zibibbo, kubwakubwa, zinanukia. Muuzaji alikuwa anaita zibibbo, zibibbo, nikageuka nikidhani kuna mtu wa Tanga anakutafuta.

Karatasi zangu za ukaazi bado. Wakili kasema nikitoka nchini kabla hazijatoka, basi, sirudi tena. Zikitoka tu nakata tiketi nije. Baba, nisubiri.

Mwanenu,
Saida

*

Turffontein, 8 Septemba 2024

Mwanangu Saida,

Marahaba, marahaba ya watu wawili. Hatujambo kwa uwezo wa Mungu. Baba yako yumo humo humo. Jana nilimpa uji wake kwa ule mpira wa tumboni, ukakaa. Anaomba usipige simu. Akisikia sauti yako analia, na akilia pumzi zinaziba. Wewe andika hivi hivi kwenye simu, mimi nitamsomea.

Nilimsomea mara mbili. Mara ya kwanza alifumba macho, nikadhani kalala, kumbe anatafuna. Mdomo unakwenda, Saida, na hamna kitu ndani. Nikaenda jikoni nikajifanya naosha vyombo. Mara ya pili akagonga kitanda, akachukua kile kibao chake akaandika: wamekaangia mafuta gani? Ndiye huyo baba yako. Miaka yote aliyopika pilau ya kuuza pale mjini Marshalltown hajapata kusifu chakula cha mtu kabla hajamhoji. Hakusema kitamu, hakusema kibaya. Kwa hiyo nenda kaulize.

Mama Jeanne wa mlango wa pili, yule Mkongo wa Uvira, anakusalimu. Binti yake Héritière nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kizulu. Eish, watoto wa huku.

Na hao wanaouza jina langu, uliza kilo bei gani, nijue na mimi thamani yangu.

Mama yako,
Zabibu

*

Palermo, 22 Septemba 2024

Wazazi wangu,

Shikamooni. Mnaendeleaje? Kifua cha Baba kimetulia? Mimi sijambo, nimenenepa, na lawama zote ni za Baba.

Baba, swali lako limeniokoa. Kuna mkate mwingine hapa wanautia bandama na mapafu ya ndama. Wanavichemsha kwanza, wanakata nyembamba, halafu wanakaanga. Harufu yake ilinivuta kutoka ng'ambo ya barabara. Mkono umeshanyooka kuupokea, ndiyo nikakumbuka, nikauliza: mafuta gani? Mzee wa watu akanijibu kwa maringo kabisa: ya nguruwe. Niliurudisha ule mkono kama nimegusa pasi. Alicheka, akanipa limau nisitoke mikono mitupu. Zile panelle pia nimeuliza, ni alizeti, lakini yamekaangiwa siku nyingi mpaka yamekuwa meusi. Nakusikia ukiguna.

Juzi mtaani kwetu kulikuwa na msiba, mzee wa nyumba ya pili. Bi Ninfa, na ugonjwa wake wote, akanisimamia jikoni nipike supu ya kuku, tukaifunika kwa sahani na kitambaa, nikaipeleka. Kumbe huku nyumba iliyofiwa haiwashi jiko. Majirani ndio wanaowalisha wafiwa siku zile za mwanzo, kila mtu na sufuria yake. Wanaita cùnsulu, maana yake kitu cha kuliwaza. Mlangoni nilikutana na wanawake watatu wamebeba vyungu vyao, nikajiona niko Tanga, ila tu hapakuwa na mtu anayesoma Yasini.

Karatasi, wakili anasema Oktoba.

Mwanenu,
Saida

*

Turffontein, 30 Septemba 2024

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima. Baba yako nisikufiche, amepungua. Shuka linamfunika kama halina mtu. Lakini habari ya nguruwe ilimchekesha mpaka mabega yakatikisika, nikamwambia acha, utajiumiza. Hiyo supu ya msiba anasema walitakiwa waweke tangawizi, mtu aliyelia anahitaji kitu cha moto kooni.

Kila geti likilia anageuza shingo. Jana aliandika: karatasi? Nikamwambia Oktoba. Akahesabu kwa vidole, sijui alikuwa anahesabu nini.

Mama yako,
Zabibu

*

Palermo, 6 Oktoba 2024

Baba na Mama,

Shikamooni. Leo sina salamu ndefu, nina jambo.

Baba, hii nataka hukumu yako kamili. Bi Ninfa kanifundisha mwenyewe, yeye kakaa kitini ananielekeza kwa fimbo. Ni tambi kwa dagaa wakubwa wabichi. Unachukua majani ya shamari ya porini, yenye harufu ya bizari tamu, unayachemsha, na maji yale yale ndiyo unayochemshia tambi. Pembeni unakaanga kitunguu kwa mafuta ya zeituni (nimekuwahi), unatia dagaa, zafarani, na zabibu kavu. Ndiyo, Baba, zabibu kwenye samaki. Juu unanyunyiza makombo ya mkate yaliyokaangwa, maana maskini wa zamani hawakuwa na jibini. Nilianza kula kwa kumheshimu bibi wa watu, nikamaliza kwa kuramba sahani.

Wakili kapiga simu. Imebaki saini moja. Nikija nitakupikia hii, Baba. Najua hutakula. Nitakuletea sufuria mpaka kitandani nikufunulie, uvute harufu, halafu unikosoe.

Mwanenu,
Saida

*

Turffontein, 23 Oktoba 2024

Mwanangu Saida,

Marahaba. Hujambo? Magoti yako? Samahani sijaandika, simu ilikuwa inasumbua. Zile picha za sahani ulizotuma zote zimefika.

Baba yako amepumzika. Habari ya dagaa nimemsomea, anasema ni tamu sana, hongera.

Mimi siku hizi sipiki. Mama Jeanne kaleta maharage na sombe, kisamvu chao, anasimama mlangoni kabisa, "ukule hata kidogo, mama". Watu wa Marshalltown walileta wali sinia mbili. Wale Warundi wa kwenye spaza, kile kiduka cha mtaani, wanaleta chai na maandazi kila asubuhi. Sufuria za watu zimejaa jikoni, sijui hata ipi ya nani. Wala sitoki, mkate ananinunulia Héritière. Kwa hiyo usiwe na wasiwasi, natunzwa. Wewe fuatilia karatasi zako, usifanye haraka, usije ukaharibu.

Mama yako,
Zabibu

*

Palermo, 23 Oktoba 2024

Mama,

Shikamoo.

Baba hajawahi kusema chakula cha mtu ni kitamu sana. Na hakuuliza kitu. Zabibu kwenye samaki, na Baba hakuuliza kitu?

Wewe hujawahi kuruhusu mwiko wa mtu mwingine jikoni kwako. Sasa unakula vya majirani, na hutoki nje.

Mama, uko eda? Baba amefariki lini?

Saida, mwanao

*

Turffontein, 24 Oktoba 2024

Mwanangu,

Marahaba. Sijui niulize afya yako kwa maneno gani.

Baba yako alifariki Jumatatu tarehe saba, alfajiri, humu chumbani. Kesho yake tukamzika. Watu wa Tanga na Unguja walikuja wengi, waliomwosha ni marafiki zake wa Marshalltown, walimwosha kwa adabu. Ndiyo, niko eda.

Ile barua yako ya dagaa iliingia Jumapili jioni, usiku wake wa mwisho. Alikuwa amelala, usingizi mzuri ambao hakuupata siku nyingi, nikasema nisimwamshe, nitamsomea asubuhi.

Niliwakataza watu wote wasikuambie. Nilijua ukisikia utapanda ndege siku hiyo hiyo, na saini imebaki moja. Nikasema ngoja apate karatasi kwanza. Kila siku nikasema kesho. Kisha ukawa unatuma picha na mimi sikujua tena nianzie wapi. Kuficha kifo niliweza, Saida, ila kukuandikia bila kukutajia kilichopo jikoni sikuweza. Tumezoea kuandikiana vyakula.

Nisamehe.

Mama yako,
Zabibu

*

Palermo, 3 Novemba 2024

Mama,

Sikukujibu siku zote hizi kwa sababu kila nilichoandika kilikuwa hakifai mtu kumwandikia mama yake.

Nilikuwa natuma picha. Mwonyeshe Baba hii, mwambie Baba hii ina mdalasini. Na wewe ukanijibu kwa vile vimoyo vyekundu. Zaidi ya wiki mbili, Mama. Baba yuko chini ya udongo na mimi nazunguka sokoni nachagua cha kumhadithia, nacheka peke yangu njiani nikifikiria atakavyoguna. Uliniacha nicheke. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, na sijui kama litapoa.

Nilianguka kwenye ngazi siku niliyosoma barua yako, mikate niliyomnunulia Bi Ninfa ikatawanyika. Bi Ninfa akawaambia majirani, wakaniletea vyakula vyao. Nikala, nikalia, nikala. Kwa watu nisiowajua hata majina, nimekaa msiba wa baba yangu.

Nina swali moja, na usinipikie maneno. Aliniita? Nataka kujua kama siku zile za mwisho aliniita. Kama hakuniita niambie, nitapumzika. Kama aliniita niambie.

Saida, mwanao

*

Turffontein, 16 Novemba 2024

Mwanangu Saida,

Marahaba. Hukuniamkia, nimeona. Mimi nimeitikia.

Nimechukua siku hizi zote kukujibu kwa sababu nilikuwa najaribu kuandika kwamba hakukuita. Niliandika nikafuta. Mama Jeanne akaniuliza, unamwandikia nani huku unalia hivyo, nikamwambia mwanangu, akaondoka akanifungia mlango.

Alikuita.

Ilikuwa Jumamosi, siku mbili kabla. Farasi walikuwa wanakimbia kule kwenye uwanja wa mashindano, jirani na hapa, tunasikia watu wanashangilia. Alinishika mkono akanivuta, akasema kwa midomo tu, bila sauti, maana sauti hakuwa nayo: Saida aje. Nilimwona vizuri. Nikajifanya sijaelewa. Nikamwuliza, unataka mto? Akatikisa kichwa, akasema tena, taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto kusoma. Nikamletea pamba yenye maji nikampangusa midomo. Saida, nilimpangusa midomo ili asimalize.

Akaniangalia. Tumeishi naye miaka thelathini na moja, alijua kwamba nimeelewa. Hakusema tena, siku ile wala kesho yake.

Ungeondoka Jumamosi ile ungemkuta. Nimepiga hesabu hiyo kila namna na kila mara ungemkuta. Niliona umefika mahali ambapo sisi hatukufika, nikaogopa urudi nyuma kwa ajili ya mtu ambaye hata hivyo anakwenda. Hayo yalikuwa mawazo yangu, si yake. Yeye alitaka kukuona tu.

Sasa karatasi zitoke au zisitoke, mimi sikuzuii tena. Najua hasira uliyo nayo haiandikiki. Usiimalize huko kwenye ngazi za watu. Njoo unigombeze humu ndani, uso kwa uso, kwa sauti yako yote. Sitajitetea.

Mama yako,
Zabibu