Betri Yangu na Matanga ya Watu

Jumamosi, Sondu

Na eti ni ya usiku mmoja tu! Ndivyo jirani yangu Ouma alivyosema leo akiondoka na ile betri mpya niliyoongeza kwenye sola ili binti yangu Achieng' asomee mtihani. Kwao kuna matanga, wanataka taa na spika. Nani atamnyima mfiwa?

Tangu niinunue, betri hiyo imehudhuria matanga mengi kuliko padri. Kwangu haijalala hata mara mbili.

Ile ya zamani imezima saa mbili. Sasa mimi na Achieng' tunagombania koroboi, na sola iko juu ya mabati.

Mke wangu anacheka. "Baba Achieng', ukifa wewe, sisi hatutaazima betri."

Ni kweli. Angalau siku hiyo italala nyumbani.