Nyundo isiyo na jina

Alhamisi, usiku

Bado nacheka peke yangu. Asubuhi nilikuwa nimefura kweli. Nyundo yangu ya mbao, niliyoichonga kwa kipande cha mninga nilichoomba kwa mafundi boti wa Kibirizi, haikuwepo. Kosa langu mwenyewe: kwenye karakana ya chuo, kifaa kisichopakwa jina ni cha wote.

Nikaingia na kopo la rangi nyekundu. Nikamkuta dada Edista wa mwaka wa tatu, ambaye hata salamu hunijibu kwa shida, akigongea patasi kwa nyundo hiyohiyo. Sijafungua mdomo, mwenzake akamwambia, "Ukimaliza, nipe huyo Zuhura."

"Subiri. Zuhura haharakishwi."

Zuhura ni mimi!

Nimerudi nyumbani Mwanga na kopo halijafunguliwa. Naomba tu huyo Zuhura asipasuke.