Aliulizwa Mara Moja Tu

Shoga yangu Mwanaisha,

Wamekufuta kwenye matembezi ya watalii uliyoyaanzisha mwenyewe. Nakwambia mapema kabla hujasikia kwa watu, maana najua hata huko uliko hukosi mashoga wa kukuletea umbea. Arobaini yako haijafika, mwenye kampuni akaniita ofisini kwake Stratford. Kuanzia sasa, nikiwafikisha wageni kwenye mahakama ya zamani, niwaambie kwamba yule kijakazi alikiri. Wageni wanataka sumu, wanataka mzimu, hawataki habari za jaji. "She confessed, darling," akasema, "it's in the record."

Kesi yako, uliyoihangaikia miaka yote ile! Msichana aliyeletwa London kwa meli kutoka Afrika, karne ya kumi na saba, wakambatiza Mary. Bwana wake akafa kwa sumu, na mji mzima ukanunua vijitabu vya kumtukana. Wakili hakuwa naye, enzi hizo mshtakiwa alijitetea mwenyewe. Jaji akamuuliza: hukumtilia kitu kwenye bia? Akajibu, yes. Mzee mmoja wa baraza akaomba aulizwe tena. Jaji akatishia kuwafungia wazee wote bila chakula wala moto mpaka waseme ana hatia. Wakasema. Akachomwa hai, kwa kuwa mtumishi kumuua bwana wake kulihesabiwa uhaini.

Na sisi tuliisoma mara ngapi bila kuona kitu? Mpaka siku ile kwa daktari, Edmonton. Nesi akakuuliza, you're not pregnant? Ukasema yes, kwa raha zako, na mvi zako zote, ukimaanisha ndiyo, sina mimba. Akakupongeza! Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Wewe pia ulicheka, halafu kwenye basi ukanishika mkono. "Shoga, yule mtoto wa watu alijibu kama mimi."

Nimemwambia yule bwana hayo yote. Akasema hatuna ushahidi, hata lugha ya msichana haijulikani. Nikamjibu ulivyokuwa ukijibu wewe: hatujasema tuna hakika. Tunasema jaji angeweza kuuliza tena, na hakutaka. Mtu mwenye uwezo wa kumtoa mwenzake roho, ashindwe kurudia swali? Nilipandisha sauti, Mwanaisha. Nikalia mbele yake, na machozi yale yaliniudhi kwa sababu hayakuwa yake, yalikuwa yako. Nikavua beji ya kampuni, nikamwekea mezani.

Kazi sina, basi. Usinisikitikie.

Jumamosi nikawachukua watu wetu mwenyewe: wale akina mama wa Edmonton unaowajua, watoto wao, na yule mzee Mhindi wa Rayners Lane anayeongea Kiswahili cha Kisumu na bado anatusahihisha sisi wa Mombasa. Nikawasimulia pale mbele ya mahakama mpaka mwisho, kisha nikauliza: kwa hiyo hakumuua? Watu wazima wakaitika, "Ndiyo!" Watoto waliozaliwa huku wakaitika, "No!" Wakakodoleana macho, kila upande ukidhani mwenzake amemhukumu yule msichana. Nikawaacha wabishane kidogo. Walipong'amua kwamba wote wanakubaliana, mama mmoja akajifunika uso kwa mtandio. Nilitamani uwe pale. Iliniuma, shoga, iliniuma vibaya.

Mlinzi wa jengo akaja kutufukuza, eti si mahali pa mikutano. Nikamwomba radhi kwa adabu zote ulizonifunza, tukavuka barabara, nikaendelea kwa sauti kubwa zaidi.

Lala, mwenzangu. Mungu akupanulie kaburi lako. Mimi nitarudi pale kila Jumamosi maadamu miguu inanibeba, na yeyote atakayeniambia kwamba Mary alikiri, sitabishana naye. Nitamuuliza tu: kwani aliulizwa mara ngapi?

Wako,
Saumu