Gauni Lililokunenepesha

Dada Yunisi,

Barua zote tulizoandikiana zilianza kwa kuulizana hali. Hii siwezi kuianza hivyo, kwa hiyo nakupa habari moja kwa moja. Juzi mke mpya wa shemeji alikuja hapa Lushoto, barazani ninaposhonea, ameshika gauni lako. Lile la maua mekundu. Anataka nilipunguze.

Alinisalimia kwa adabu, shikamoo na magoti yake yote, kisha akasema, "Dada Esta, marehemu alikuwa na mwili kweli. Mimi linanipwaya."

Ni msichana mdogo, wa kule kule Mlalo kwa wakwe zako, na sidhani kama kuna aliyemweleza chochote. Nilimwambia aliache, arudi Ijumaa. Alipopotea kwenye kona nilichukua wembe nikafumua bitana, na sufi ya mto wangu ikanimwagikia mapajani. Fundi mwenzangu akauliza kama nashona godoro.

Dada, mwili wako ulikuwa sifa ya ukoo wetu. Siku kijiji kilipojenga shule ulipanda na mawe kutoka mtoni bila kutua, huku wanaume wakipumzika chini ya miti ya miwati. Kisha vuli ile chakula kikaanza kukugomea. Ukila uji unarudi, ukila makande ndiyo kabisa. Mganga wa zahanati alikupa vidonge vyeupe na dawa ya maji, na viliposhindwa akasema uende hospitali kubwa, huko chini tambarare. Ukaniandikia, "Nitakwenda mvua zikitulia." Mvua hazikutulia. Barabara ilikatika, basi likaacha kufika kijijini kwenu, likabaki lori la kijiji la kuteremsha kabichi. Na nafasi za watu kwenye lori alizigawa mwenyekiti wa kijiji.

Lakini kabla ya lori ilikuja harusi.

Mdogo wake shemeji alikuwa anaoa, Mlalo. Ulifika kwangu siku kumi kabla, kwa miguu, umepumzika sijui mara ngapi njiani. Nilipokuona unaingia barazani nilidhani ni mtu anayefanana nawe. Hukusema unaumwa. Ulisema mama mkwe wako amesema mbele ya wanawake kisimani, "Mwanangu alioa mtu, siku hizi analala na ufito." Ukasema wakikukosa harusini watajua uko kitandani, na hapo hapo watakaa kumtafutia mwana wao mke mwingine. Ukasema, "Nivishe, Esta. Nataka siku moja tu waniangalie wanyamaze."

Nilikupima. Kiuno nilikipima mara mbili nikidhani futi imejikunja. Ukaninong'oneza, "Usiseme namba kwa sauti." Basi nikaziandika kwa chaki kwenye mbao ya cherehani, nikafuta kwa kiganja.

Kazi ile niliijua, Dada. Huo ndio uchungu wake. Fundi mwingine angekuvisha nyeusi, angekumaliza kabisa. Mimi nilitoa kitambaa changu nilichokipigia foleni tangu alfajiri kwa ajili ya Krismasi, tetroni ya rangi ya maziwa, maua makubwa, kwa sababu rangi nyeupe na ua kubwa hujaza mtu. Kola niliisimamisha ifunike mifupa ya mitulinga. Mikono mirefu, nikaikusanya begani na kuibana kwenye vifundo, ili mkono wenyewe usionekane popote. Kiuno sikukibana, nilianzisha marinda juu yake kidogo, yakaanguka kwa uzito. Kisha nikapasua mto wangu. Nilishona mifuko myembamba ya kitambaa cha marekani, nikaitia sufi, nikaidunga dunga ili isihame, moja kila bega, mbili nyongani, moja pana nyuma. Ulipojaribu kukaa ukacheka, ukasema sasa hata ubao wa kanisani hautakuumiza mifupa. Viatu tulivijaza vitambaa mbele. Kilemba nilikifunga chini na kwa upana, mashavu yapate kivuli. Nikakupaka mafuta.

Ukajitazama kwenye kioo cha duka, mbele na nyuma. Kisha ukasema, "Kumbe bado nipo."

Mlalo siku ile unaikumbuka. Wanawake walikupisha njia. Mama mkwe wako alikutazama kuanzia kilemba mpaka viatu, kisha akaanza kuongelea nyama kuwa haijaiva. Chakula chako ulikuwa unakisogeza kwa binti yako Neema, kijiko kwa kijiko, naye mtoto yule wa miaka minane akakila bila kusema kitu, kana kwamba mlikubaliana nyumbani. Mwenyekiti wenu alikuwa meza ya wageni. Alisimama, akakupa mkono, akasema kwa sauti ili wote wasikie, "Ndugu Yunisi, umerudi mwilini. Sasa shamba la kijiji linakungoja." Watu wakacheka. Ukacheka nao.

Na mimi, Dada, nilikuwa nimesimama karibu na masufuria, nimejaa furaha. Nilijiona fundi. Wanawake wawili waliniuliza nani amekushonea.

Hiyo ilikuwa Jumamosi. Jumatatu tulikwenda kuomba nafasi kwenye lori.

Nilikuwa nimelala kwako makusudi ili nikusindikize. Asubuhi nilikwambia uvae kanga zako za shambani, mwenyekiti aone mikono yako, aone shingo. Ukakataa. Ulisema, "Juzi nimewafunga midomo. Leo niwaonyeshe mifupa? Watasema nilidanganya harusi nzima." Nikakubembeleza. Ukasema siyo wewe wa kwenda kuomba kama ombaomba. Ukavaa gauni. Ukanipa kilemba nikufunge, na mimi, mjinga wa wajinga, nikakifunga chini na kwa upana.

Nina hasira nawe, Yunisi. Nimeliandika jina lako bila dada, na nimeliacha hivyo hivyo. Nina hasira kwa sababu ya asubuhi ile. Nimewachukia mama mkwe wako na mwenyekiti na mvua na barabara, lakini wewe ndiwe uliyetoka mlangoni umevaa sufi yangu kwenda kumwambia mtu kwamba unakufa.

Mwenyekiti alikuwa nje ya ofisi na makarani wake. Ulimweleza. Ulieleza vizuri, kwa heshima, kwamba chakula hakikai, kwamba mganga amesema hospitali. Alikutazama akatabasamu. Akasema, "Ndugu yangu, juzi nilikuona umependeza kuliko bibi harusi. Mgonjwa hujulikana kwa sura. Nikikupa wewe nafasi, nitawaambia nini wagonjwa wa kweli?" Lori lilikuwa pale pale, linapakiwa kabichi. Shemeji yake mwenyekiti alishakaa mbele, anakwenda Tanga kutembea tu.

Kisha akamwambia karani akurudishe kwenye kundi la palizi.

Nilikuwa nimesimama kando yako, mkono wangu ukigusa mkono wako. Ningeweza kufungua kishikizo kimoja tu, nikapandisha ule mkono wa gauni hadi kiwikoni. Kishikizo kimoja. Unajua nilikuwa nafanya nini? Nilikuwa naangalia upindo kama umenyooka.

Ulipalilia siku tatu kwenye matuta yale, kwenye ukungu na manyunyu, kwa sababu uliona haya kurudi kusema huwezi. Ya nne ukaanguka. Vijana wa kwaya walikuteremsha kwa machela, kitanda chako mwenyewe, siku nzima, wakipokezana. Kule hospitali daktari alikuvua, akatazama, akaniuliza kwa Kiswahili cha taratibu kama anavyoulizwa mtoto, "Mlikuwa wapi?" Akasema tumboni mna uvimbe, na alitakiwa auone mapema zaidi. Nikasema mvua.

Ulikaa siku tisa. Siku ya saba uliniomba nikuchane nywele.

Sasa nikupe yaliyobaki, maana hukuyaona. Mama mkwe wako alilia kuliko sisi sote, ilibidi ashikwe. Mchungaji alisema Mungu amekuhitaji. Mwenyekiti alisema mbele ya kaburi kwamba ndugu Yunisi alilitumikia shamba la kijiji hadi siku zake za mwisho, na kwamba akina mama wengine waige mfano huo. Watu wakaitikia. Nilikuwa nimemshika Neema, na nilimbana bega mpaka akaniambia naumia, Mama Mdogo.

Shemeji alivumilia miezi saba, akaoa. Simlaumu sana, si mtu mbaya, ni mtu wa kusukumwa. Neema amehamia kwangu. Anasoma hapa mjini, anajua kupiga pindo, anakula vizuri. Namtazama anavyokula. Hilo nalo limekuwa ugonjwa wangu.

Na jana nilifanya jambo. Niliikusanya ile sufi yote kwenye kikapu, nikapanda mpaka kijijini kwenu. Mwenyekiti alikuwa ofisini. Nilimwambia shikamoo, akaitikia, nikaimwaga mezani kwake.

Nikamwambia, "Hiki ndicho ulichokiona Mlalo ukasema amerudi mwilini. Dada yangu hakuwamo."

Mlango ulikuwa wazi, upepo ukaanza kuipeperusha, nyingine ikamkaa kwenye ndevu. Nilitaka akasirike. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake njia nzima, nina maneno. Hakukasirika. Alizeeka tu pale kwenye kiti. Kisha akasema polepole, "Na wewe, binti, ulijua. Ulikuwa umesimama pale. Mbona hukusema?"

Dada, nilitembea kurudi Lushoto na swali hilo, na bado ninalo. Yeye hatalijibu la kwake, mimi sitalijibu la kwangu, na wewe hutalijibu la kwako. Tulikuwa watatu pale nje ya ofisi.

Gauni nitampa yule binti Ijumaa, limepunguzwa vizuri. Hana kosa, na kitambaa hakipatikani.

Lala, dada yangu. Nimekurudishia udada, lakini hasira haijaisha, nitakuja nayo kaburini Jumapili na tutakaa nayo. Ninachokuahidi ni kimoja. Neema ameanza kuuliza. Mama mkwe wako humwambia ulipumzika, mchungaji humwambia uliitwa. Akikua kidogo nitamkalisha karibu na cherehani na kumwambia kwamba mama yake alinyimwa nafasi kwenye lori la kabichi, kwamba aliona haya kuonekana mgonjwa, na kwamba mama yake mdogo alikuwa amesimama pembeni, akanyamaza. Akinichukia, atakuwa amenichukia kwa jambo la kweli.

Mdogo wako,
Esta